Moto wa Pili

Itajwapo hewa chafu, fikra za wengi hukimbilia mijini: kwenye foleni za magari za Dar es Salaam, kwenye mabomba ya viwanda, kwenye majalala yanayofuka usiku kucha. Ni wachache ambao fikra zao zitaelekea Ilongero. Kata hiyo ipo kaskazini mwa mji wa Singida, katikati ya Tanzania, juu ya uwanda wa upepo, wa majabali ya itale na mashamba ya uwele, mtama na alizeti. Hapana bandari wala msururu wa viwanda. Usiku wa kiangazi nyota huonekana kana kwamba zimeshushwa zikaribie mapaa. Mtu wa pwani aliyezoea hewa nzito ya chumvi akifika huko huvuta pumzi ndefu, akaona kuwa hapa ndipo penye hewa.

Lakini hewa haiko nje peke yake. Aghalabu hewa inayoamua afya ya mwanadamu ni ile iliyofungiwa baina ya kuta nne anamopika na kulala, na huko ndani Ilongero haina tofauti na maelfu ya vijiji vya Afrika ya Mashariki. Kuna mafiga matatu, kuna chungu au sufuria, kuna kuni, na zikiadimika kuni kuna mabua ya mtama na ya alizeti yanayowaka upesi, yakazimika upesi, na kutoa moshi mwingi baina ya kuwaka na kuzimika. Samadi ya ng'ombe ina kazi yake shambani, kwani bila ya samadi uwele hautoi kitu katika ardhi iliyochoka. Basi kinachobaki ndicho kinachochomwa.

Wanyaturu, ambao wenyewe hujiita Arimi, walijenga tangu zamani nyumba ya tembe: kuta za miti na udongo, paa bapa la udongo, kimo kifupi, matundu machache na madogo. Asiyejua huidharau nyumba hiyo, ilhali ilijengwa kwa hekima. Uwanda wa Singida una kimo cha takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai upepo wake hukata kama wembe. Tembe huhifadhi joto. Tatizo ni kwamba kuta zinazohifadhi joto huhifadhi na moshi pia. Siku hizi mabati yamezagaa na wengi wametenga jiko kando ya nyumba, lakini mara nyingi jiko hilo lililotengwa ni kijumba kidogo kuliko tembe lenyewe, na mpishi huinama humo pamoja na mtoto aliye mgongoni.

Kiswahili kimeupa moshi heshima. Wahenga walisema kuwa penye moshi hapakosi moto, wakimaanisha kwamba moshi ni shahidi asiyesema uongo. Moshi unaopanda juu ya paa jioni ni habari njema: nyumba hiyo ina chakula, ina mtu wa kukipika, ina watu wa kukila. Nyumba isiyofuka moshi hutiliwa shaka. Huenda mna njaa, huenda mna ugonjwa, huenda mna msiba. Huku visiwani na mwambao moshi umepandishwa cheo zaidi. Udi na ubani huingia katika chetezo, chetezo hupitishwa chini ya nguo za bibi harusi, chumba cha mzazi hufukizwa, na mgeni hupokewa kwa harufu kabla hajapokewa kwa maneno. Washairi nao hawakuuacha moshi ukapotea bure. Wameufanya kuwa siri ya mapenzi isiyofichika, kuwa huzuni, kuwa utawala unaokwisha.

Katika sifa zote hizo moshi haujawahi kupandishwa kizimbani. Machozi ya mpishi huhesabiwa kuwa sehemu ya mapishi, na kikohozi cha bibi kizee kuwa sehemu ya uzee. Hata masizi yanayong'aa juu ya boriti kama lami huonwa kuwa pambo la nyumba ya siku nyingi. Hayo ni yale yanayoonekana. Swali linalostahili kuulizwa ni moshi hufanya nini baada ya machozi kukauka, kwani ule unaoliza macho siyo unaodhuru zaidi.

Moshi wa kuni ni mchanganyiko wa gesi na chembe. Chembe kubwa hunaswa puani na kooni, zikatoka kwa kamasi na makohozi. Zinazotisha ni zile ambazo kipenyo chake hakizidi mikromita 2.5. Unywele mmoja wa binadamu una upana wa takriban mikromita 70, kwa hiyo chembe kama hizo 28 zaweza kupangwa mstari mmoja katika upana wa unywele na zisionekane. Wepesi wake huziwezesha kuambatana na pumzi hadi mwisho wa njia, katika vifuko vya hewa vya mapafu. Vifuko hivyo huhesabiwa kwa mamia ya milioni, na ukuta wake ni mwembamba kiasi kwamba oksijeni hupenya na kuingia damuni bila ya kubisha hodi.

Mahala pembamba kama hapo hapakuachwa bila ya mlinzi. Juu ya ukuta wa kila kifuko hutembea seli za kinga ziitwazo makrofaji, jina lenye asili ya Kiyunani na maana ya mlaji mkubwa. Aliyeziita hivyo ni Ilya Metchnikoff, mtaalamu wa viumbe aliyezaliwa katika nchi ambayo leo ni Ukraine. Mwaka 1882, akiwa Messina katika kisiwa cha Sicily, alichukua viluwiluwi vya kiti cha pweza, kiumbe ambacho kila mtoto wa pwani amekiona maji yakitoka. Vilikuwa viangavu kama kioo. Akavichoma kwa vijiti vya miiba kutoka bustanini, akangoja. Asubuhi yake alikuta seli ndogo zimeuzunguka mwiba, zimejikusanya, zikijaribu kuumeza. Kutokana na mwiba huo kulizuka elimu nzima, na mwaka 1908 Metchnikoff alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Paul Ehrlich.

Makrofaji ya mapafu hufanya kazi ile ile. Ikikuta bakteria huikumbatia, huimeza, kisha huimwagia vimeng'enya na kemikali kali mpaka isagike. Ni mlinzi, mfagizi na mpishi wa namna yake. Lakini chembe ya moshi si bakteria. Kiini chake ni kaboni, na juu yake imebeba madini ya chuma na kemikali zilizozaliwa katika kuungua kusikokamilika. Mlaji huimeza kama ilivyo desturi yake, kisha hugundua kuwa ameza kitu kisichosagika. Kaboni haiyeyuki, na vimeng'enya haviiwezi. Zile kemikali zilizo juu yake huanza kuzalisha ndani ya seli oksijeni kali zenye kuunguza, na seli hutumia akiba yake yote kujizimisha yenyewe. Hapo hupiga mbiu.

Mbiu hiyo ni protini ndogo ziitwazo saitokini. Baadhi hupanua mishipa midogo ya damu ili askari wapite. Baadhi huwaita askari hao, seli ziitwazo nyutrofili, ambazo hufika kwa wingi na silaha zisizochagua adui. Nyutrofili humwaga kemikali zake juu ya chembe isiyokufa, na kinachoumia ni ukuta wa pafu ulio jirani. Seli iliyojeruhiwa nayo hupiga mbiu yake. Moto wa mafigani umekwisha kuzimwa kwa maji, jivu limeondolewa, watu wamekula na kulala, na ndani ya kifua umewashwa moto wa pili.

Kuuita moto si kutia chumvi. Waganga wa Kirumi waliiona hali hii tangu karne ya kwanza, wakaitambua kwa dalili nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Jina walilolipa, ambalo Wazungu wanalitumia hadi leo, latokana na kitenzi cha Kilatini cha kuwasha moto. Wanakamusi wa Kiswahili wameliita hilo jambo mchochota. Ni neno zuri lililolala kamusini. Lina maana ya kidonda kinachowasha na kuchoma, na masikio ya msemaji hulisikia likiwa karibu na kuchochea, kitendo cha kusogeza kuni ili moto usizimike. Mwenye kulitafakari atakuta kwamba mpishi na ugonjwa wake wamepewa takriban kitenzi kimoja: yeye huchochea mafigani, na moshi huchochea kifuani mwake.

Lugha ya mitaani ilikuwa imefika huko kabla ya maabara. Ugonjwa ambao hospitali huuita nimonia au homa ya mapafu, wazee wa Kiswahili waliuita kichomi, kwa sababu mgonjwa husikia anachomwa ubavuni kila avutapo pumzi. Bronkaitisi waliiita mkamba. Majina hayo hayakupimwa kwa darubini, lakini yalipimwa kwa mwili, na mwili haukukosea sana. Kilichokosekana ni kamba ya kuunganisha kichomi cha mtoto na mafiga yaliyo hatua mbili kutoka kitandani pake.

Kamba hiyo imesukwa, kwa sehemu kubwa, kutokana na miili ya Waafrika wa mashariki na wa kusini. Mwaka 2001 Majid Ezzati na Daniel Kammen walichapisha matokeo ya utafiti wao wa Mpala, wilayani Laikipia nchini Kenya, nyanda kavu za wafugaji zisizo mbali sana kwa sura na Singida. Walifuatilia kaya 55 zenye watu 345, wakapima moshi majikoni na kuhesabu maradhi ya njia ya hewa. Waligundua kwamba maradhi huongezeka kadiri moshi unavyoongezeka, lakini ongezeko hilo ni kali zaidi katika viwango vya chini, kisha hupungua kasi moshi ukivuka mikrogramu 1,000 hadi 2,000 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa. Waligundua pia kwamba wanawake walivuta moshi mwingi kuliko wanaume kwa sababu ndio waliokuwa karibu na moto wakati unapowashwa na kuchochewa. Ili msomaji apate kipimo cha kulinganishia, Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2021, limeshauri kwamba chembe ndogo zile za mikromita 2.5 zisizidi wastani wa mikrogramu 5 kwa mwaka, au 15 kwa siku moja.

Malawi, nchi jirani ya Tanzania upande wa kusini, watafiti walikwenda mbali zaidi na kuingia ndani ya pafu lenyewe. Watu wazima waliojitolea walisafishwa sehemu ya mapafu kwa maji ya chumvi, maji yakavutwa, na makrofaji zao zikatazamwa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba seli hizo zilikuwa na masizi ndani yake, na kwamba kiasi cha masizi kilitofautiana kwa namna mtu anavyopika na anavyowasha taa. Mwaka 2015 watafiti waliofanya kazi na makrofaji za Wamalawi na seli zilizooteshwa maabara walionyesha jambo la kusikitisha zaidi. Moshi wa kuni ulizichochea seli zitoe ishara za mchochota kadiri kipimo kilivyozidi, na papo hapo ukazipunguzia uwezo wa kumeza vijidudu.

Hapo ndipo penye msiba wenyewe. Mtu aweza kudhani kwamba mlinzi mwenye hasira ni mlinzi mwenye nguvu, na kwamba kifua chenye mchochota ni kifua kilicho macho. Kumbe sivyo. Seli iliyoshiba masizi hupiga kelele nyingi na kufanya kazi kidogo. Bakteria wa nimonia wakishuka katika pafu la mtoto wa miezi minane, hukuta walinzi waliochoka na kujeruhiana, ambao matumbo yao yamejaa kitu kisicholika. Ugonjwa ambao ungekwisha kwa mafua ya siku tatu huwa kichomi. Wala mlinzi huyo hakuasi. Ameungua kwa sababu ya utii, kwa kutimiza amri moja aliyopewa tangu mwanadamu alipoumbwa: kila kigeni umeze.

Wala mwili haufuti hesabu upesi. Mwaka 2022 Donna Farber na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walitoa taarifa juu ya matezi ya limfu ya watu 84 waliokuwa wametoa viungo vyao baada ya kufa, wenye umri wa miaka 11 hadi 93. Matezi ya limfu ni kambi ambamo seli za kinga hukutana na kufundishana. Yale yaliyohudumia utumbo yalikuwa na rangi yake ya kawaida katika umri wote. Yale yaliyohudumia mapafu yalianza kuwa meusi kadiri miaka ilivyokwenda, na weusi huo ulikuwa masizi yaliyokaa ndani ya makrofaji. Seli zenye masizi zilikuwa dhaifu katika kumeza. Sehemu ya kile kinachoitwa udhaifu wa uzee, basi, huenda si uzee, bali ni limbikizo la hewa. Watu hao walikuwa wa Marekani, nchi ambamo moshi wa jikoni umekwisha kusahauliwa na wengi. Itoshe kuwaza yaliyomo ndani ya kifua cha mwanamke aliyepika miaka 40 kwa kuni.

Jambo hili si geni duniani. Mapafu ya maiti za Misri ya kale zilizohifadhiwa yamekutwa na masizi, ishara kwamba mafirauni na watumwa wao walivuta moshi wa mioto na taa zao. Binadamu na moshi ni marafiki wa zamani. Lakini urafiki wa siku nyingi si hoja ya kuuendeleza, hasa pale ambapo mmoja wa marafiki hao ndiye anayezikwa siku zote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba uchafu wa hewa ya majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 katika mwaka 2020, na kati ya hivyo zaidi ya 237,000 vilikuwa vya watoto wasiotimiza miaka mitano. Si vyote vilivyokuwa vya mapafu. Mbiu za saitokini huingia damuni, zikafika katika ini, katika uboho wa mifupa na katika kuta za mishipa, na kwa hiyo moto uliowashwa kifuani hudhihirika baadaye kama ugonjwa wa moyo au kiharusi kwa mtu ambaye hakuwahi kukohoa.

Msomaji wa mwambao asidhani kwamba habari hizi ni za bara peke yake, wala asiitazame Ilongero kwa jicho la huruma la mtu aliye salama. Chembe haziulizi kama zimetoka katika bua la mtama au katika kipande cha udi kilichonunuliwa kwa bei ya dhahabu. Mwaka 2009 matabibu wa Oman, nchi ambayo mwambao umeshirikiana nayo chetezo kwa karne nyingi, walichapisha utafiti juu ya watoto wa shule. Waliona kwamba ufukizaji wa nyumba haukuwapa watoto wazima pumu, lakini kwa watoto ambao tayari walikuwa na pumu, moshi huo ulikuwa miongoni mwa vichochezi vya kawaida vya kubanwa kifua. Udi hautaachwa kwa sababu ya habari hiyo, na pengine haupaswi kuachwa. Lakini dirisha laweza kufunguliwa, na mtoto mwenye pumu aweza kutolewa uani mpaka harufu itulie.

Ilongero haina nafasi hiyo ya kuchagua. Udi ni hiari, ugali si hiari. Ndiyo maana ni dhuluma kumwambia mwanamke wa huko kwamba anajiua kwa kupika, kana kwamba alikaa chini akalinganisha nishati akachagua mabua. Kuni huokotwa kwa miguu na mikono yake, na jasho lake haliandikwi katika daftari la mtu yeyote. Gesi huhitaji fedha taslimu mara moja, na katika nyumba ya mkulima wa alizeti fedha taslimu huja kwa msimu. Mtungi ukiisha Februari, wakati ghala limepungua na mavuno hayajakomaa, hurudiwa mafiga. Aidha mwenye kushika fedha mara nyingi siye mwenye kushika mwiko. Figa moja haliinjiki chungu, walisema wahenga, na mabadiliko ya jiko nayo yanahitaji mafiga matatu: fedha, nishati inayofika kijijini, na sauti ya anayepika.

Tanzania imeanza kulizungumza jambo hili kwa sauti ambayo haikusikika zamani. Novemba 2022 kulifanyika Dar es Salaam mjadala wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa ziache kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan, mwana wa visiwa hivi, alizindua mkakati wa taifa wa miaka kumi wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania katika nishati safi ifikapo mwaka 2034, na mwezi huo huo alikuwa miongoni mwa wenyeviti wa mkutano wa Paris juu ya upishi safi barani Afrika. Ni lengo kubwa katika nchi ambamo kaya nyingi mno bado hutegemea kuni na mkaa. Masufuria ya shule yana njia yake ya kubadilishwa kwa amri. Sufuria la nyumbani halina amri.

Na haifai kulidanganya tumaini. Malawi iliwahi kujaribu. Katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2017, vijiji vya Chikhwawa na Karonga viligawiwa majiko yaliyoboreshwa, na watoto zaidi ya 10,000 wakafuatiliwa. Majeraha ya moto yalipungua, lakini nimonia haikupungua. Rwanda, pamoja na Guatemala, India na Peru, zilishiriki katika jaribio lililowapa gesi wanawake wajawazito. Moshi majikoni ulipungua sana, lakini matokeo yaliyotoka mwaka 2022 na 2024 hayakuonyesha kwamba watoto walizaliwa na uzito zaidi au walipata nimonia kali kwa uchache zaidi. Wenye pupa ya kukata tamaa walisema: basi moshi hauna hatia.

Hukumu hiyo ni ya haraka. Mwanamke aliyepewa gesi akiwa mjamzito alikuja na mapafu ya miaka 20 ya kuni, na seli zake hazikupewa mtungi. Nyumba moja ikiacha moshi, jirani hajaacha. Taka zinachomwa uani, na mashamba yanachomwa kabla ya mvua. Zaidi ya hayo, ule mchoro wa Laikipia uliwahi kuonya. Ikiwa madhara hukua kwa kasi zaidi katika viwango vya chini, basi kuupunguza moshi mzito ukawa moshi wa wastani huleta nafuu ndogo, na nafuu kubwa hungoja mpaka hewa ya kijiji kizima ikaribie kuwa safi. Jiko bora lililowekwa ndani ya kijiji cha moshi ni kama kuchota maji ya bahari kwa kata. Kinachotakiwa ni kazi ya kijiji, siyo ya nyumba moja, na ya miaka, siyo ya msimu wa mradi.

Wakati huo unasubiriwa, yapo madogo ambayo ni ya kweli. Kuni kavu hutoa moshi mdogo kuliko kuni mbichi. Tundu lililo juu ya ukuta, mkabala na mlango, huupa moshi njia ya kutoka. Kupikia nje wakati wa kiangazi, upepo wa Singida ukiwa wazi, ni bora kuliko kupikia ndani. Mtoto mchanga aweza kukaa na nyanya yake kivulini badala ya mgongoni mwa mama aliyeinamia moto. Hakuna katika hayo kinachofikia kiwango cha mwongozo wa mwaka 2021, na atakayesema kinafikia atakuwa anauza maneno. Lakini kila chembe isiyoingia ni chembe ambayo mlaji hakulazimika kuimeza.

Kuna kazi moja ambayo ni ya watu wa lugha, na haihitaji mtungi wala mkutano. Katika zahanati za nchi hii mwanamke mwenye kifua huambiwa kwamba ana maambukizi, hupewa vidonge, hurudi mafigani. Neno maambukizi humwelekeza kumtafuta aliyemwambukiza. Neno mchochota lingemwelekeza kwenye moto. Angesikia ndani yake kitenzi anachokifanya kila siku kwa mkono wake, na pengine angeuliza kinachochochewa ni nini, na nani aliyeweka kuni. Maneno hayatibu mapafu. Lakini ugonjwa usio na jina katika lugha ya mgonjwa hubaki kuwa majaliwa yake, na majaliwa hayadaiwi kwa diwani wala kwa mbunge. Moto wa kwanza una majina mengi katika Kiswahili, na nyimbo na methali zake. Huu wa pili unaungua tangu zamani vifuani mwa wanaotupikia, na umekaa muda mrefu mno bila ya kuitwa kwa jina lake.